Basi Letu Katika Barabara za Wenzetu

Imezuka kauli miongoni mwa wazazi na walimu wa Korogwe na Handeni, nayo husemwa kwa uhakika kana kwamba imekwisha kupitishwa na Bunge: kwamba michezo ya video, hasa ile ya mbio za magari, ni upuuzi ulioletwa na wageni kuwapumbaza vijana wetu, na kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kuipiga marufuku. Kauli hii twaipinga. Hatuipingi kwa kuwa michezo hiyo haina madhara. Madhara inayo, nasi tutayataja papa hapa. Twaipinga kwa kuwa inamlenga asiyehusika. Inamtazama kijana aliyeinama juu ya simu, wala haimtazami yule aliyeichora barabara ambayo kijana huyo anaipita.

Yafaa kwanza ielezwe ni nini hasa kinachochezwa, maana wengi wanaokilaani hawajapata kukikazia macho hata kwa dakika kumi. Ingia katika kibanda chochote cha gemu (ndivyo vijana waiitavyo michezo hii) karibu na stendi ya Korogwe, au ukae na wanafunzi wakati wa likizo pale Chanika, Handeni. Utawakuta wanaendesha mabasi. Mchezo waupendao huitwa Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni iitwayo Maleo ya huko huko Indonesia. Ndani yake mna miji, vijiji, madaraja na milima ya kisiwa cha Java. Mchezaji hupewa basi na njia, naye hushika usukani. Wakiungana watatu au wanne mtandaoni hufuatana msafara, na msafara wa vijana haukawii kuwa mashindano ya nani atafika kwanza. Michezo ya namna hii huitwa ya dunia wazi, kwa maana kwamba mchezaji hafungwi katika uwanja unaozunguka na kurudi pale pale, bali huachiwa nchi nzima aitembee apendavyo.

Lakini litazame vyema basi lenyewe. Rangi zake si za Indonesia. Ubavuni pameandikwa jina la kampuni ya mabasi ya kwetu, juu ya kioo cha mbele imeandikwa njia ya Dar es Salaam hadi Arusha, na nyuma pana msemo wa Kiswahili wa aina ile ile ipendwayo na madereva wetu. Mchezo huo humruhusu mchezaji kubadili rangi na maandishi, na hata kuingiza gari lililoundwa na mtu mwingine. Basi vijana wa Tanzania wameyapaka upya mabasi ya Java, wakaunda na mengine mapya, wakagawiana wao kwa wao, pasipo kuamrishwa na mwalimu wala kulipwa na serikali. Kwa bahati njema Waindonesia nao hupita kushoto kama sisi, kwa hiyo kijana hapotezi hata adabu ya barabara.

Je, aliyefanya hayo ameharibika? Mtu hawezi kulivika basi rangi mpya asipojua kupima. Lazima ajue kwamba ubavu wa kulia ni kinyume cha ubavu wa kushoto, la sivyo maandishi yatasomeka kama yaonekanavyo kwenye kioo. Na akitaka kuliunda basi zima, hana budi kujua urefu, upana na kimo cha kila kipande, na jinsi vipande vinavyokutana pembeni. Mwalimu wa hisabati ahangaikaye kuwafundisha vijana hao hao maumbo ya pande tatu, kisha akawanyang'anya simu mlangoni, amejinyang'anya mwenyewe kifaa cha kufundishia.

Tena kuchezea gari si jambo geni katika nchi ya mkonge. Sisi tuliokua huko katika miaka ya sabini tulichonga magari kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, ambao ni mwepesi na hukatika kwa kisu cha jikoni. Magurudumu tuliyakata kwenye ndara zilizochakaa. Usukani ulikuwa ufito mrefu wenye duara la waya. Honi ilikuwa midomo yetu. Gari lenye heshima kupita yote lilikuwa basi la KAMATA, na aliyebahatika kuwa dereva wake hakukubali kirahisi kumwachia mwenzake. Hakuna mzee aliyetwambia kwamba tumelogwa na Wazungu, ingawa basi lenyewe tulilokuwa tukiliiga halikubuniwa Tanganyika. Ila tulikuwa na jambo moja ambalo mtoto wa leo hana. Barabara tulizichora wenyewe, kwa kijiti, katika mchanga wa uani: hapa Segera, hapa daraja la Mto Pangani, hapa Mombo, hapa pa kupandia Lushoto. Gari lilikuwa letu na njia ilikuwa yetu. Leo gari limepakwa rangi zetu, lakini njia ni ya watu.

Hapo ndipo tunapoachana na kundi la pili, kundi la watu wapole wanaojiona wa kisasa. Hao husema: mnataka nini tena? Jina la nchi limekwisha kuingia katika gemu, bendera imo, Kiswahili kimo ubavuni mwa basi. Sisi twasema kwamba kupaka rangi si kujenga. Mpangaji aweza kukipaka chokaa chumba alichopanga, akatundika na picha ya babu yake ukutani. Siku mwenye nyumba akimtaka atoke, picha atakwenda nayo, chokaa ataiacha. Kijana wa Korogwe leo hukata kona za Java akiwa amefumba macho, lakini muulize mlima uliosimama juu ya Mombo unaitwaje, au muulize kwa nini mkonge humezwa na vichaka kadiri uiachavyo Korogwe ukielekea Handeni. Atakutazama kama umemuuliza habari za mwezini. Hatumlaumu. Hajapata kuonyeshwa nchi yake kwa namna ambayo macho yake yamezoea kuona.

Na tuyatazame makubwa zaidi, ili isidhaniwe kwamba twagombana na Waindonesia, ambao ni wenzetu. Mfululizo mashuhuri wa mbio za dunia wazi ni ule uitwao Forza Horizon, unaojengwa na Playground Games, kampuni ya mji wa Leamington Spa, Uingereza, kwa ajili ya Microsoft. Wa kwanza, mwaka 2012, ulikuwa wa Colorado, Marekani. Ukafuata ule wa kusini mwa Ufaransa na kaskazini mwa Italia mwaka 2014, wa Australia mwaka 2016, wa Uingereza yenyewe mwaka 2018, na wa Meksiko mwaka 2021. Mwezi Septemba 2025, katika maonyesho ya michezo ya Tokyo, ulitangazwa wa sita, ambao nchi yake ni Japani, nao ukapangiwa kutoka mwezi Mei 2026. Vijana wetu waliisubiri habari hiyo kama wazee wanavyosubiri mvua za vuli.

Walivyoijenga Meksiko ni jambo la kusomwa na kila afisa utamaduni. Walikwenda kuipiga picha mbingu yake saa baada ya saa, ili mwanga wa asubuhi katika mchezo uwe mwanga wa huko na si wa Uingereza. Waliwaalika wachoraji wa kuta wa Kimeksiko watie michoro yao katika miji ya mchezo. Kwa Japani wakamtumia mshauri wa utamaduni wa nchi hiyo, wakaahidi kwamba Tokyo ungekuwa mji mkubwa kupita wowote waliowahi kuujenga. Hiyo, ndugu zetu walimu, siyo kazi ya wapuuzi. Mtu hapeleki kamera ng'ambo kuipiga picha mbingu kwa sababu ya upuuzi. Hiyo ni kazi ya kuiweka nchi mbele ya macho ya mamilioni ya watu, waijue kwa kona zake na waipende. Michezo sita katika miaka kumi na minne, na bara la Afrika halimo hata katika mmoja.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Afrika haina historia ya magari. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, zilianzishwa mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo baadaye zikajulikana duniani kote kwa jina la Safari. Joginder Singh wa Kenya alizishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alizishinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo kila mwenye mvi katika mkoa wa Tanga analijua kwa mlio. Zilikuwa mbio za wenye nacho, hilo twalikubali, na mwananchi alikaa kando akila vumbi. Lakini njia zilikuwa hizi zetu. Kuanzia mwaka 1974 mbio hizo zikabaki Kenya peke yake, zikarudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, na sasa zimo pia katika mchezo wa video wa mashindano hayo uliotolewa na Codemasters mwaka 2023. Hapo Afrika Mashariki ni vumbi la kukimbilia kwa dakika chache, kisha mchezaji huhamishiwa nchi nyingine. Haikupewa soko wala stendi, wala mahali pa kusimama na kumsalimu mtu.

Na Kiswahili chetu je? Kimekwenda mbali kuliko barabara zetu, lakini tazama kilivyopokewa. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaiita Baba Yetu, ikawa wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, nao ndio uliokuwa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kuipata. Twashukuru. Lakini mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Resident Evil 5, ambamo maadui wa kupigwa risasi huitwa Majini, nao hupiga kelele kwa Kiswahili. Asiyechora ulimwengu wake mwenyewe huwekwa katika ulimwengu wa mwingine pale mwingine apendapo, mara kanisani, mara makaburini.

Wako vijana wanaosema kwamba basi tuiandikie barua kampuni ya Leamington Spa, tuiombe ije na huku. Twawaheshimu kwa ari yao, lakini ushauri wao hatuukubali. Mkoa huu umekwisha kuchorewa njia na wageni. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Ilikwenda kule mashamba yalikotaka kwenda, ikaupita mbali mji wa Handeni kwa kuwa mchoraji wake hakuwa na haja nao. Mchoraji wa mchezo naye ana haja zake. Akija, atachukua Serengeti na mlima Kilimanjaro, atatia simba barabarani, na Korogwe ataipita usiku.

Twajua tutakachojibiwa ofisini: fedha hazipo. Ni kweli kwamba Forza hujengwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na hatutaki kumdanganya mwanafunzi kwamba atalingana nao kwa kompyuta mbili za shule. Lakini Maleo ilikuwa kampuni ndogo, na haikuanza kwa kuwaiga Waingereza. Huko Java watoto walikuwa na desturi ya kusimama kando ya njia wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi zao zenye mlio kama wimbo. 'Om telolet om,' walipaza sauti, yaani, mjomba, piga honi, mjomba! Mwishoni mwa mwaka 2016 maneno hayo yalienea duniani, watu wakacheka. Maleo haikuona aibu. Iliichukua honi ile ile, pamoja na mabasi yenye nakshi na vijiji vya kwao, ikavitia katika mchezo wake, na mchezo huo umepakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Walichokuwa nacho wao sisi tunacho. Nani asiyeijua Korogwe kwa wauza machungwa na mayai wanaolizingira basi kabla halijasimama? Nani hajasikia tingo akigonga bodi mara mbili kumwambia dereva twende?

Hoja nzito kupita zote tumeiweka nyuma kwa makusudi. Mwalimu mmoja alitwambia: ninyi mwasifu mbio, na sisi twazika. Ni kweli. Mwezi Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, lori na basi dogo lililokuwa likisafirisha maiti na waombolezaji viligongana usiku, wakafa watu wasiopungua 17. Mbele ya msiba kama huo mtu hawezi kusema kijuu juu kwamba mwendo wa kasi ni burudani tu. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, yatuunga mkono sisi. Mchezo wa video ni kama shairi la mizani na vina: aliyeweka kanuni ndiye aliyeamua nini kiwezekane na nini kisiwezekane. Katika Forza Horizon mchezaji hupewa pointi hata kwa kuvunja uzio na kung'oa miti midogo. Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Iliandikwa na watu, kwa ajili ya watu wa mahali ambapo ng'ambo ya uzio hakuna mama anayeuza mahindi ya kuchoma.

Mchezo wetu waweza kuandikwa vingine. Dereva azidishaye kilomita 50 kwa saa katikati ya kijiji apoteze abiria mmoja mmoja, maana abiria wetu nao wana midomo na hushuka. Basi lizidishalo 80 lisimamishwe na askari wa usalama barabarani. Atakayepita lori penye kona bila kuona mbele asihesabiwe shujaa, na ushindi uwe wa aliyefika Arusha na watu wote aliowapakia. Nani atasema kwamba huo si mchezo? Kulifikisha basi lililojaa kutoka Segera hadi Same wakati wa mvua ni kazi ngumu kuliko kukimbia peke yako katika barabara tupu, na ugumu ndio utamu wa mchezo wowote. Waulize wachezaji wa bao. Wenye kuogopa kasi, kama kweli wanaiogopa, wangekuwa wa kwanza kudai kushika kalamu ya kanuni. Marufuku humwachia kalamu yule yule aliyekwisha kuishika.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja. Siku hizi ukilitaja gemu katika ofisi ya utamaduni huelekezwa ofisi ya mawasiliano, na ofisi ya mawasiliano hukuelekeza kwa mwalimu mkuu. Ngoma ina afisa wake, filamu ina bodi yake, mwandishi ana baraza. Jambo linalokula saa nyingi za kijana kuliko hayo yote halina hata faili.

Tunachodai si kikubwa. Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Kutoka Handeni hadi Mkata ni kilomita 54. Na kutoka Mkata barabara kuu hukurudisha Korogwe kwa kupitia Kabuku na Segera. Hilo ni duara kamili, lenye mto, mashamba ya mkonge, milima ya Usambara kwa mbali, miji miwili na vijiji visivyofanana. Hapahitajiki dunia nzima. Duara hilo latosha kwa mchezo wa kwanza. Vipimo vya barabara hizo vipo, kwa kuwa hazikujengwa kwa kukisia. Na kwamba vijana wetu waweza kuchora ramani, hilo lilikwisha kuonekana mwaka 2015 katika mradi wa Ramani Huria, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walipoanza kuzichora kata za Dar es Salaam zinazofurika, mtaa kwa mtaa na mfereji kwa mfereji. Hakuna sababu ya kazi kama hiyo kungojea mafuriko.

Tuzo nayo ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikazipokea hadithi za watoto. Sisi watunga mashairi hatutapungukiwa na kitu ikiwapokea pia watunga michezo, maana mchezo wa dunia wazi una watu wanaosema na watu hao huhitaji maneno. Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia hivyo yule kijana wa kidato cha tatu ambaye basi alilolichora linazunguka simuni mwa watu bila jina lake. Maneno ya kiufundi tuwaachie BAKITA, ila wayatafute vibandani kwanza kabla ya kuyabuni mezani, kwa kuwa mengi vijana wamekwisha kuyapata.

Na kabla ya kompyuta yoyote kuwashwa, ipo kazi ya daftari na kalamu ambayo shule zilizo kando ya duara lile zaweza kuianza muhula huu huu: kuandika jina la kila kilima, kila kijito na kila kituo, Kizigua kwa Kizigua na Kisambaa kwa Kisambaa, kama wazee wayatamkavyo majina hayo na si kama yalivyoandikwa kwenye vibao.